Kurasa 11 za mwanangu

Katika jalada la mwanangu, niliyemwasili kutoka nchi nyingine, neno "blanketi" limerukwa herufi moja. Kwa miaka tisa nililipita kosa hilo jinsi mtu anavyolipita kovu la ndugu yake: najua lilipo, nimelizoea, silioni tena. Sentensi yenyewe inasema mtoto alikutwa alfajiri mbele ya lango la kituo cha kulelea watoto, amefunikwa blanketi la bluu, analia, na hakuna mtu aliyeonekana karibu.

Mwaka 2020 mama mwenzangu, aliyeasili mtoto kupitia wakala yule yule aliyetuhudumia sisi, alinifungulia jalada la kijana wake. Tulikuwa tunatafuta jambo dogo tu, tarehe ya chanjo fulani. Nikafika ukurasa wa nne. Alfajiri. Lango. Blanketi la bluu. Na herufi ile ile imerukwa.

Watoto wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, kutoka vituo viwili vilivyo mbalimbali, wamepishana karibu miaka miwili. Nilimrudishia karatasi zake, nikamwomba maji ya kunywa.

Njiani nilijitetea. Labda ni mfasiri, nilijiambia, kachoka, kanakili sentensi ya zamani akaibandika. Nikafika nyumbani nikatoa nakala ya lugha ya asili, ile ambayo kabla ya siku hiyo sikuwahi kuigusa kwa kuwa siisomi. Sikuhitaji kuisoma. Tuliziweka nakala zetu mbili sambamba, tukatembeza kidole mstari kwa mstari kama watoto wanaojifunza kusoma. Aya nzima ilikuwa moja. Kilichobadilika ni jina na tarehe.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika haya, kwa sababu hadithi si yangu peke yangu. Binti yangu sasa ana miaka 16. Amesoma makala hii kabla yenu, amefuta mahali pawili, amenikubalia nyingine. Jina lake halimo. Nchi alikozaliwa haimo. Wakala naye simtaji. Ofisi yake ilishafungwa, na wengi waliokaa mle ndani nina hakika waliamini wanatenda jema. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kweli. Mwizi ningemjua.

Tulianza mwaka 2007. Kilichotufikisha pale ni kile kinachowafikisha wengi, nisiwachoshe: miaka ya hospitali, mimba mbili zisizofika, ndoa iliyoanza kuwa kimya mezani. Tulipoketi mbele ya dada wa wakala, na picha za watoto wanaocheka zimejaa ukutani nyuma yake, alisema neno ambalo wakati ule lilinitoa machozi ya furaha. Alisema, "Msijali, tutawapatia mtoto."

Kiswahili hakifichi mambo. Ukisema utampatia mtu kitu, umeshatangaza nani mhitaji na nani kitu. Ingetakiwa iwe kinyume: mtoto apatiwe wazazi. Ni suala la nani anayetafutiwa. Mtoto akiwa ndiye anayetafutiwa wazazi, kazi inaanza na mtoto ambaye yupo tayari, amekosa watu, na ndugu zake wametafutwa hadi basi. Wazazi wakiwa ndio wanaotafutiwa mtoto, kazi inaanza na foleni ya watu wenye fedha na machozi, na mtu fulani upande wa pili anaambiwa kwamba foleni ni ndefu. Hakuna anayehitaji kuamrishwa aibe. Inatosha kila mtu kwenye mnyororo alegeze kidogo: huyu asiulize swali, yule asisubiri mwezi mmoja zaidi, karani anakili aya iliyokubalika mara iliyopita.

Lakini mwaka 2007 mimi nilisikia "mtoto" tu. Maneno mengine ya sentensi ile sikuyasikia.

Ofisa ustawi wa jamii alikuja nyumbani mara tatu. Alifungua makabati. Aliuliza tulivyoadhibiwa utotoni, tunavyogombana, nani hulala kwanza baada ya ugomvi. Alitaka cheti cha ndoa, cheti cha polisi cha kila mmoja wetu, ripoti ya daktari, hati ya mshahara, barua za watu watatu wanaotufahamu na ambao si ndugu. Kila karatasi ikathibitishwa na wakili, kisha ikagongwa apostili, ule muhuri uliobuniwa na mkataba wa mwaka 1961 ili hati ya nchi moja itambulike katika nyingine bila kuzungushwa balozi kwa balozi. Na karatasi huoza. Cheti cha polisi kikipita miezi kadhaa unakwenda kuanza upya. Alama za vidole nazo, sijui kwa nini, maana sikuwahi kusikia vidole vya mtu vikibadilika. Nilikuwa nikinung'unika: mbona watu wanazaa bila kuulizwa lolote, mimi naulizwa hata kuhusu dari? Leo sinung'uniki. Naona walitukagua kweli kweli, mpaka ndani ya kabati la nguo. Ninachouliza ni nani aliyeukagua upande wa pili kwa bidii ya namna hiyo.

Halafu ikaja fomu ya visanduku.

Waliowahi kupita njia hii wanaijua. Je, mko tayari kumpokea mtoto mwenye mdomo sungura? Mwenye tundu kwenye moyo? Asiyesikia sikio moja? Asiyesikia yote mawili? Mwenye homa ya ini? Mwenye virusi vya Ukimwi? Ambaye mama yake alikunywa pombe akiwa mjamzito? Aliyewahi kudhulumiwa kimwili? Mwenye ndugu wa tumbo moja wasiotakiwa kutenganishwa? Kila swali na visanduku vitatu: ndiyo, hapana, tuzungumze. Zilikuwa kurasa tatu za maswali hayo. Zilituchukua jioni nne.

Jioni ya kwanza tulikuwa mashujaa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Jioni ya pili mume wangu alisoma habari za homa ya ini akarudi akafuta. Ya tatu tuligombana juu ya umri. Yeye alitaka mtoto mkubwa kidogo, mimi nilitaka mchanga, na nilipobanwa niseme kwa nini nikasema sentensi ambayo bado naionea haya: nataka asiwe na kumbukumbu. Ya nne tulijaza kimya kimya. Nakumbuka alama zake za "hapana" zilikuwa hafifu, kama mtu anayetarajia zisionekane.

Sisemi fomu ile ni mbaya. Mtoto mwenye moyo mbovu anahitaji watu waliojiandaa, si watu waliojisikia wema siku ya Jumapili. Lakini ukishaijaza unakuwa umechagua, na mkono uliochagua hausahau. Kwa muda mrefu nilimtazama binti yangu nikijua kwamba kuna karatasi mahali fulani inayoonyesha ni kwa masharti gani ningempenda.

Picha yake ilifika mwanzoni mwa 2011 pamoja na zile kurasa 11. Tukapewa siku chache za kuamua. Tulimpelekea daktari wa watoto azisome, akachukua muda, akasema mtoto anaonekana mzima. Kisha akauliza, "Mbona uzito wa miezi kumi umeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, kama umejazwa siku moja?" Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama picha. Dada wa wakala tulipomuuliza alijibu kwamba vituo vile vina kazi nyingi, huwa wananakili kutoka daftari kubwa. Lilikuwa jibu zuri, na pengine la kweli. Ila hatukuuliza hilo daftari kubwa liko wapi.

Tulisafiri katikati ya mwaka. Nimesoma simulizi nyingi za siku ya kukutana na mtoto, na karibu zote zina machozi ya furaha na mikono midogo inayoshika shingo. Yetu haikuwa hivyo. Aliletwa chumbani akiwa amevaa viatu vipya vilivyompwaya. Alikuwa na miaka miwili na nusu, kwa hesabu ya karatasi. Hakulia. Alisimama akitutazama kama mtu aliyeingia ofisi isiyo yake na anasubiri aambiwe atoke. Aliyelia ni mlezi, mwanamke wa makamo, aliyekuwa ameinama akimfunga kamba za viatu. Alimaliza kiatu kimoja, akamaliza cha pili, akarudia cha kwanza. Kisha akasimama, akageukia ukuta.

Mwanamke yule alikuwa amemlea mwanangu zaidi ya miaka miwili. Alijua analala kwa upande gani, anaogopa nini, nani alimleta na siku ile kulikuwa na nini. Alikuwa mita mbili kutoka kwangu, na mkalimani alikuwa pale pale, tumeshamlipa. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimshukuru. Nikampa zawadi iliyofungwa karatasi yenye maua. Nilikuwa na haraka ya kuwa mama.

Mahakamani tulikaa kama robo saa. Jaji aliuliza kama tumesoma jalada, tukasema ndiyo. Aliuliza kama tumelielewa, tukasema ndiyo.

Usiku wa kwanza hotelini mtoto alipolala ndipo alipolia, usingizini, akiita neno moja. Mkalimani asubuhi alituambia ni neno wanalomwitia mlezi mkubwa, si hasa "mama", ila karibu. Aliliita kwa wiki sita. Nyumbani alificha chakula chini ya mto, alikataa kuogeshwa na mume wangu, aliwafuata mlangoni wageni wanaoondoka, mgeni yeyote, akiwa tayari kuondoka naye. Watu walisema ana upendo sana, hana uoga. Mwanasaikolojia wa watoto alitueleza maana yake: mtoto aliyejifunza kwamba watu wazima ni wa kubadilishwa hana sababu ya kushikamana na mmoja. Ilituchukua karibu mwaka mzima wa kukataa wageni, wa mimi peke yangu kumlisha na kumbeba, mpaka siku alipoanguka akakimbia kwangu akapita watu wanne njiani. Wanne. Niliwahesabu.

Lugha yake ilimtoka kinywani ndani ya miezi mitano. Hakuna aliyeiondoa. Haikuwa na wa kuzungumza naye tu. Neno la mwisho kubaki lilikuwa lile la usiku.

Na kila tulikopita tulisikia, "Amebahatika sana mtoto huyu." Mimi nami nilikuwa naitikia. Akiwa na miaka minane aliniuliza bahati yenyewe ilikuwa ipi: kupotelewa na mama, au kupatikana? Tangu hapo siitikii. Nasema bahati ni yangu, kisha nabadilisha mazungumzo.

Baada ya siku ya blanketi nilianza kusoma, na nilisoma kama mtu anayetafuta hukumu yake. Sikuwa peke yangu, na hilo halikunifariji. Mwaka 2004 uasili wa kimataifa ulifika kilele. Makadirio ni watoto wapatao 45,000 duniani kote kwa mwaka huo mmoja, na karibu 23,000 kati yao walikwenda Marekani. Mwaka wa fedha wa 2023 Marekani hiyo hiyo haikufikisha 1,500. Anguko la namna hiyo halikuletwa na watu kuchoka kulea. Nchi moja baada ya nyingine zilifunga milango, na nyingi zilifunga kwa sababu zinazofanana: Guatemala mwishoni mwa 2007, Ethiopia Januari 2018. Urusi ilipowazuia Wamarekani kuanzia 2013 ilikuwa siasa zaidi, na China, iliyokuwa imetoa watoto zaidi ya 160,000 tangu 1992, ilitangaza mwisho mwezi Septemba 2024, isipokuwa kwa ndugu wa damu. Upande wa wapokeaji nao ukaanza kujichunguza. Uholanzi ilisimamisha mfumo wake Februari 2021 baada ya kamati kuonyesha kwamba serikali ilijua kuhusu ukiukaji kwa miongo mingi.

Kilichonigusa mfupani ni Korea Kusini. Tangu vita vya miaka ya 1950 ilipeleka nje watoto wanaokadiriwa kufika 200,000, na walikuwa wengi mno miaka ya 1980 wakati nchi haikuwa maskini tena. Machi 2025 Tume yao ya Ukweli na Maridhiano ilisema wazi: hati zilighushiwa, watoto wenye wazazi wanaojulikana waliandikwa yatima, ridhaa hazikupatikana ipasavyo. Na kulikuwa na jambo lililonifanya nifunge kompyuta nikatoke nje. Ilipotokea mtoto aliyekwisha kuandaliwa amekufa, au amechukuliwa tena na wazazi wake, mwingine alipelekwa kwa karatasi zake. Jina la huyu, sura ya yule. Waliokua Ulaya na Marekani wakarudi kutafuta mama zao kwa majina ambayo hayakuwahi kuwa yao.

Sikusema kwamba ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nilijua tu kwamba aya inaweza kunakiliwa, na mtoto pia.

Mtu atauliza, sheria ilikuwa wapi? Ipo, na ni nzuri. Mkataba wa The Hague kuhusu uasili wa kimataifa ulipitishwa tarehe 29 Mei 1993, ukaanza kutumika 1995, na zaidi ya nchi 100 zimo. Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyosoma mkataba wa nyumba yangu. Kifungu cha 4 kinadai kwanza iangaliwe kama mtoto anaweza kulelewa katika nchi yake, ndipo nje ifikiriwe. Kinadai wanaotoa ridhaa wawe wameelezwa wakaelewa matokeo yake, hasa kama undugu wa kisheria unakatika. Ridhaa iwe ya maandishi, isinunuliwe, na ya mama itolewe baada ya kujifungua tu. Kifungu cha 29 kinazuia wanaotaka kuasili wasikutane na wazazi wa mtoto kabla ya masharti ya msingi kutimizwa, kwa sababu inayoeleweka: mwenye fedha asije akaketi sebuleni kwa mwenye dhiki. Cha 30 kinataka kumbukumbu za asili ya mtoto zihifadhiwe. Cha 32 kinakataza mtu yeyote kujipatia faida isiyostahili.

Tatizo ni kwamba mkataba hausafiri hadi langoni alfajiri kuangalia kama blanketi lipo. Mkataba husoma karatasi. Ukiupatia karatasi yenye aya iliyokubalika, utaridhika, kama tulivyoridhika sisi mbele ya jaji. Mwaka 2007 nchini Chad, shirika moja la Ufaransa lilikamatwa likitaka kuwarusha kwa ndege watoto 103, likidai ni yatima wa Darfur, nchini Sudan. Ilipochunguzwa, wengi wao walikuwa na mzazi au mtu mzima waliyemtambua kuwa mzazi, na walitoka vijiji vya mpakani. Mwaka 2010, wiki chache baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani kumi walizuiliwa mpakani wakiwa na watoto 33, na hao nao wakaonekana wana wazazi hai. Wale walikamatwa kwa sababu hawakuwa na karatasi. Mimi nilikuwa nazo 11, zenye mihuri.

Mwaka 2022 yule mama mwenzangu alisafiri na kijana wake kwenda kutafuta. Nilimpa jina la kituo chetu, sikutarajia lolote. Aliyempokea alikuwa msimamizi mpya, kijana, asiye na cha kulinda. Akatoa daftari kubwa. Lilikuwepo kweli! Dada wa wakala hakusema uongo.

Picha ya ukurasa ilinifikia kwenye simu nikiwa kwenye foleni. Mstari mmoja, mwandiko wa kalamu ya wino. Tarehe, ambayo imepishana na ile ya jalada kwa wiki tatu. Jina la mtoto, ambalo si lile lililo kwenye pasipoti aliyokuja nayo. Safu ya "ameletwa na": mama. Safu ya sababu: maneno mawili, ambayo rafiki mmoja anayejua lugha ile alinitafsiria kama "ugonjwa, muda". Ya muda. Na mwishoni, mahali pa sahihi, alama ya dole gumba.

Hakukuwa na lango, wala alfajiri, wala blanketi. Kulikuwa na mwanamke mgonjwa aliyeingia mchana kweupe, akazungumza na mtu, akaweka dole gumba lake kwenye karatasi ambayo huenda hakuweza kuisoma, akaamini amemwacha mwanawe kwa muda. Kati ya mstari ule na aya ya jalada kuna mtu aliyeketi mahali akaandika. Mwanamke aliyeleta mtoto anaweza kurudi kumchukua. Mtoto aliyekutwa langoni hana wa kumrudia. Kwa aya ile moja mama alifutwa, na ridhaa yake ikawa haihitajiki, kwa maana hakuwepo.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii niliisema mara nyingi nikijihesabia mimi. Usiku ule nilikaa jikoni nikiwaza kwamba kama alipona, kama siku moja alirudi kituoni kumchukua mwanawe, aliambiwa nini.

Mume wangu alitaka tumwambie binti yetu akifika miaka 18. Nilibishana naye siku mbili, kisha nikagundua kwamba ninachobishania si umri, ni nani mwenye jalada. Tulimwambia Jumamosi iliyofuata. Alikuwa na miaka 13. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa kupigwa mlango, nimeshaongea na mshauri. Aliitazama picha ya daftari, akaikuza kwa vidole viwili mpaka alama ya dole gumba ikajaa kioo kizima. Akasema, "Kwa hiyo hakunitupa."

Miaka yote ile alikuwa akilala juu ya sentensi ile. Mimi nilimsomea kwa sauti laini, tukiwa tumekumbatiana, kwa sababu vitabu vya malezi vilisema mtoto aambiwe ukweli mapema. Nilimsomea mtoto wangu kwamba alitupwa, tena haikuwa kweli.

Hasira zilikuja baadaye, miezi kadhaa, na zilikuja kwa swali. "Mlilipa?" Nikasema ndiyo: ada ya wakala, mawakili, tafsiri, na mchango wa kituo uliokuwa wa lazima ingawa uliitwa mchango. "Kiasi gani?" Nikamtajia. Kiasi hicho ni mahali pa kwanza alipofuta katika makala hii.

Tumemtafuta mama. Tumeandika kwa ofisi ya ustawi ya nchi ile, tumejibiwa kwa adabu kwamba jalada rasmi linaonyesha mtoto aliokotwa, hivyo hakuna mama wa kutafutwa. Ndivyo karatasi inavyojilinda. Binti yetu ametoa mate yake yapimwe vinasaba, akapata binamu wa mbali aliye kwenye bara jingine, naye pia aliasiliwa, naye pia anatafuta. Wanaandikiana. Kijana wa yule mama mwenzangu yumo pia kwenye mazungumzo yao. Wanajiita watoto wa blanketi, na wanacheka utani ambao sisi wakubwa tunabaki tumeduwaa.

Huwa napokea ujumbe kutoka kwa watu wanaotaka kuanza safari hii. Baadhi wanataka niwape baraka, wengine niwakataze. Siwezi lolote kati ya hayo. Kuna watoto ambao kweli hawana mtu, wanaokulia vitandani vya chuma wakitazama dari, na kuwafungia milango yote si haki pia. Wengi wao ni wakubwa kiumri au wagonjwa, yaani hasa wale waliowekewa "hapana" hafifu kwenye fomu. Lakini ningekuwa naanza leo, kabla ya kutazama picha yoyote ningemuuliza wakala analipwa lini, na kama analipwa hata mtoto akirudishwa kwa shangazi yake. Ningeuliza mwaka jana ni watoto wangapi waliorudishwa kwa ndugu kwa juhudi zake mwenyewe, na jibu likiwa sifuri ningeinuka. Ningeomba jina la mtu aliyeandika hadithi ya mtoto na aliyoyaona kwa macho yake. Ningeomba daftari kubwa. Ningemlipa mkalimani wangu mwenyewe, asiye wa wakala, nikaketi na mlezi siku nzima, nikamwuliza yote, hata anavyoimbiwa akilala. Na ningehakikisha uraia. Marekani ilipotunga sheria ya kuwapa watoto walioasiliwa uraia moja kwa moja, iliyoanza kutumika Februari 2001, iliwaacha nje waliokwisha kutimiza miaka 18. Wapo waliokuja kujua utu uzimani kwamba wazazi wao hawakukamilisha fomu, na wapo waliofukuzwa wakarudishwa katika nchi wasiyoijua hata lugha.

Wakala atakayekasirishwa na maswali haya atakuwa amekujibu.

Mahali pa pili alipofuta binti yangu palikuwa na jina lililo kwenye daftari. Nilikuwa nimeliandika kwa sababu ni zuri na lina maana nzuri. Alisema halijawa langu la kulitoa. Halitumii shuleni, hajatuomba tumwite hivyo, ila nimeliona limeandikwa kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati lake, herufi ndogo.

Jalada nalo halikai tena kwenye sanduku letu la nyaraka. Alilichukua mwaka jana, akaweka kurasa zote 11 pamoja na picha ya daftari kwenye bahasha moja, na anaihifadhi chumbani kwake. Wiki hii nilipotaka kuhakiki tarehe kwa ajili ya makala hii, nilibisha hodi. Aliniuliza nataka ukurasa wa ngapi.